Mbuzi Walirudi, Mtoto Alibaki

Asubuhi za Rughenda, mtaa wa mji wa Butembo mashariki mwa Congo, zina baridi. Kasika alikuwa ameinama uani, anafunga karoti mafungu mafungu za kupeleka sokoni. Akasikia mlango wa uzio unalia. Akainua kichwa. Alikuwa binti yake, Bénie, na mfuko wa shule ungali mgongoni.

Kasika hakuuliza kitu. Nani wa Butembo asiyejua maana ya mtoto kurudi nyumbani kabla jua halijapanda? Amefukuzwa kwa sababu ya minerval, ile ada ya shule. Ilikuwa miaka ya vita. Waasi ndio waliotawala Butembo na Beni, na mwalimu alikula kile wazazi walichotoa. Mzazi asipotoa, mtoto anakaa nyumbani.

Bénie akatua mfuko, akachukua kamba, akaanza kufunga karoti pamoja na mama yake. Hakulia. Alikuwa na miaka kumi tu, na tayari alikuwa amejifunza kutolia. Jambo hilo lilimuuma Kasika kuliko machozi.

Mzee Syauswa, baba yake Kasika, akatoka nyumbani na blanketi begani. Akamtazama mjukuu wake, akatazama mfuko.

"Mwenye alimuzaa eko ku Beni, anakula samaki," alisema. "Yeye njo alipe, hapana miye."

Kasika akavuta kamba ya karoti mpaka ikakatika. Baba yake alisema kweli. Mathe, baba wa mtoto, alikuwa Beni na alikuwa na kazi. Lakini tangu mwaka uliopita hakuwa ametuma hata kikombe cha maharagwe. Na Kasika alijua kwa nini.

Turudi nyuma kidogo, ili mambo yaeleweke.

Kasika na Mathe walioana vizuri, mbele ya padri na mbele ya wazee. Mathe alitoa mbuzi wa mahari. Kwa Wanande, watu wa kabila lao, mahari ni mbuzi, na hata mtoto mdogo anajua hivyo. Kisha vita vikaja. Biashara ya Butembo ikalala. Mathe akaenda Beni kutafuta maisha. Huko alinunua mafuta ya mawese, akayafunga kwenye kinga, yaani baisikeli, na kuyasukuma kwenda kuuza. Alisema atarudi kila mwisho wa mwezi.

Barabara ikafungwa. Watu walikuwa wanauawa njiani. Miezi ikapita bila habari. Kasika alilala na hofu, akaamka na hofu, na hofu ikikaa sana inageuka hasira. Mathe aliporudi mwishoni, mikono mitupu, miguu imevimba, mke wake hakuona mtu aliyeponea chupuchupu. Aliona mtu aliyemsahau. Waligombana. Maneno makali yakajibiwa kwa maneno makali zaidi. Kasika akamchukua Bénie, akarudi kwa baba yake Rughenda.

Mzee Syauswa ni mtu wa kichwa kigumu. Hakungoja wazee wakae. Alituma neno kwa Mathe kwamba mbuzi wake wapo, aje awachukue wote, na jina lake lisisikike tena katika ua ule. Mathe naye ana kichwa chake. Alikuja. Akafungua mbuzi mmoja mmoja, akashuka nao kwenye njia ya mlima.

Bénie alikuwa anachungulia katikati ya mbao za jikoni. Akamuuliza mama yake papa anaenda wapi na mbuzi.

Ulimi hauna mfupa, jamani. Kasika alikuwa na uchungu mpaka kooni, na neno likamtoka:

"Balimuambia achague, weye ao mbuzi. Alichagua mbuzi."

Mtoto hakuuliza tena. Siku ile wala siku nyingine.

Kasika angeweza kulirudisha neno lile jioni ileile. Hakulirudisha. Kesho yake lilikuwa gumu zaidi, na baada ya mwezi likawa kama kweli. Akaanza hata kuliongeza. Mvua ikivuja alisema, "Ona vile papa yako alituacha." Mtoto akiugua alisema, "Mwenye mbuzi eko analala muzuri."

Lakini Mathe hakulala. Kule Beni, katika mtaa wa Beu alikopanga chumba, alifanya kazi na kutuma vitu. Jirani yao wa Rughenda, Hadjara, alikuwa na mume dereva anayeitwa Issaka. Issaka alipopita Beni, Mathe alimpa mafuta, mchele, na pesa ya shule ya Bénie. Kasika alipokea. Hakumwambia mtoto vinatoka wapi.

Halafu siku moja Mathe akaja mwenyewe, amemshonea binti yake nguo ya kitenge. Alisimama penye uzio, akamwita kwa jina. Bénie akatoka. Akamtazama baba yake kama mtu anavyomtazama askari wa kizuizi.

"Enda uzungumuze na mbuzi yako," alisema. "Miye siko mutoto yako."

Watu walikuwa wanapita. Walisikia. Mathe akaiweka ile nguo juu ya jiwe, akaondoka. Na Kasika, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliona utamu moyoni. Tuseme ukweli, aliona utamu. Alisema moyoni kwamba sasa na Mathe ameonja uchungu.

Tangu siku ile Issaka hakuleta kitu tena. Utamu ule ulikaa kidogo tu. Njaa na minerval vilikuja kukaa.

Siku Bénie alipofukuzwa shule, Hadjara alikuja kuomba moto, akakuta nyumba nzima imenyamaza. Alipojua sababu, alimshauri Kasika aende tribinali, yaani mahakamani. Kasika akasema tribinali ni ya watu wenye pesa, na wakati wa vita nani anasikiliza mambo ya mwanamke muuza karoti. Hadjara akamcheka kidogo, akamwambia kwamba hata vitani watu wanaoa, wanazaa na wanagombana, na hakimu hajakimbia. Isitoshe, kulikuwa na mama mmoja pale aliyeitwa Sophie, ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza watoto na wazazi kabla hakimu hajakata neno. Watu walimwita asistante sosiale.

Basi Kasika alikwenda. Sophie alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkata, na Mathe akaitwa kutoka Beni.

Siku ya kesi walikaa kwenye benchi moja, Kasika huku, Mathe kule, na Mzee Syauswa katikati yao kama ukuta. Mathe alikuwa amekonda. Hakumtazama mtu.

Hakimu akamuuliza kwa nini ameacha kumlisha mtoto wake. Mathe akasimama.

"Bwana juge, balinirudishia mbuzi yangu yote. Kwetu, mbuzi ikirudi, mambo imeisha. Lakini miye niliendelea kutuma. Njo mutoto akanikana mbele ya batu. Nilishe mutu mwenye ananikana?"

Mzee Syauswa naye hakungoja kuulizwa. Alisema ni kweli mbuzi walirudi, kwa hiyo mtoto ni wa ukoo wake Syauswa, na Mathe hana ruhusa ya kukanyaga ua wake. Ila alipe minerval.

Hakimu akavua miwani. Alikuwa mtu mpole, lakini maneno yake yalikuwa mazito.

"Mzee, weye unataka mbuzi ikataze huyu mwanaume kuona mutoto, mais isimukataze kulipa. Na weye Mathe, unataka ikuokoe na kulipa. Kila mutu anavuta mbuzi upande yake. Sikilizeni. Mbuzi ni mambo ya ndoa. Inaweza kufunga ndoa, na ikirudi inaweza kuonesha ndoa imekufa. Lakini mbuzi hapana kuzaa huyu mutoto. Sheria ya Congo inasema kila mutoto Mukongomani anapashwa kuwa na baba, na hakuna mutu ana haki ya kukana mutoto yake. Ndoa inaweza kufa. Ubaba hapana kufa."

"Na kama yeye mutoto njo amekana baba?" Mathe aliuliza.

"Mutoto akikataa bugali leo, mama anaacha kupika kesho?"

Hakimu akamgeukia Mzee Syauswa, akamuuliza kama wazee waliomtangulia walikuwa wanarudisha mbuzi wote hata pale ambapo kuna mtoto, na bila wazee wa pande mbili kukaa chini. Mzee akatazama fimbo yake. Alijua vizuri kwamba alifanya kwa hasira, na kwamba baba yake mwenyewe asingefanya hivyo.

Lakini hakimu hakuridhika. Mtoto wa miaka kumi, alisema, haamki tu asubuhi na kumkana baba yake. Akasimamisha kesi, akamwomba Sophie azungumze na Bénie peke yake.

Sophie alikaa na Bénie katika chumba kidogo cha nyuma. Kasika alingoja nje, ukutani. Alipoona uso wa Sophie anapotoka, alijua kwamba Bénie amesema.

"Mama Bénie," Sophie alisema polepole, "mutoto ananiambia papa yake aliambiwa achague, akachagua mbuzi. Nani alimuambia vile?"

Kasika akatazama chini. Sophie hakumkaripia. Alikaa karibu naye, akaongea naye kama dada.

Alimweleza kwamba kuna mambo mawili, na kila moja lina njia yake. Mtoto ana haki ya kulishwa na baba na mama, kila mmoja kadiri ya nguvu zake. Mtoto ana haki pia ya kujua wazazi wake wote wawili na kuwapenda. Moja si rehani ya lingine. Baba hawezi kusema, sitamlisha kwa kuwa simuoni. Mama hawezi kusema, hutamuona kwa kuwa humlishi. Haki zote mbili ni za mtoto.

"Kwa hiyo juge hawezi kukata chakula ya Bénie juu ya makosa yako," Sophie alisema. "Tumbo ya mutoto hailipake deni ya kinywa ya mama. Mais kuna kitu ingine, na miye sitakuficha. Mutu mwenye anaharibu roho ya mutoto juu ya muzazi mwenzake, juge anaweza kujiuliza kama mutoto anafaa kubakia kwake."

"Batamutoa kwangu?"

"Siko najua. Najua tu ni muzuri juge asikie kwa kinywa yako, kuliko asikie kwa kinywa ya mutoto."

Kasika akabaki peke yake pale ukutani. Hapo ndipo alipoelewa ni kitu gani hasa anaweza kupoteza. Alikuja kutafuta minerval, na sasa mtoto mwenyewe alikuwa mkononi mwa hakimu. Angeweza kukana. Angeweza kusema mtoto alisikia vibaya, au mzee ndiye aliyesema. Baba yake angekubali kuubeba mzigo ule, alimjua. Lakini alimfikiria Bénie mle chumbani, ameulizwa, akajibu kweli, halafu mama yake anatoka na kumfanya mwongo. Akapiga moyo konde, akaingia.

Alisema yote. Alisema alisimama jikoni na uchungu, na neno likamtoka, na hakulirudisha. Alisema kwamba hata vitu vilivyoletwa na Issaka alivificha visijulikane vimetoka wapi. Alilia, lakini aliendelea kusema.

Mathe alikaa bila kuambiwa. Akashika kofia yake kwa mikono miwili.

"Njo maana," alisema.

Hakimu akakata neno. Mathe atoe minerval na sehemu ya chakula, kadiri ya kazi yake. Kukataliwa na mtoto hakumwondolei wajibu huo, na mbuzi pia hawamwondolei. Bénie abaki na mama yake, kwa sababu ndiko alikozoea na anatunzwa vizuri. Lakini baba ana haki ya kumtembelea, na likizo mtoto aende Beni ikiwa barabara ni salama. Kasika akizuia, kesi itafunguliwa tena, na safari hiyo hakimu atatazama upya mtoto akae kwa nani.

"Minerval ninaweza kulazimisha," hakimu alimwambia Kasika mwishoni. "Kutembelea ninaweza kulazimisha. Mais ile neno uliweka mu roho ya mutoto, tribinali haiwezi kuitoa. Weye njo uliiweka."

Mambo yakaanza kubadilika, yale rahisi kwanza. Issaka alileta gunia la mchele na mafuta. Bénie akarudi shuleni. Safari hii Kasika alisema wazi kwamba vitu vile vimetoka kwa papa. Bénie akajibu kwamba ni kwa sababu hakimu amemlazimisha. Hapo ndipo Kasika alipotakiwa kusema kweli yote, na hakusema.

Mathe akaja Jumapili moja baada ya misa. Mzee Syauswa aligeuza uso, ila aliagiza mgeni aletewe kiti. Bénie alikimbilia kwenye migomba na hakutoka. Mathe alikaa, akanywa maji, akaaga. Jumapili nyingine ikawa vilevile.

Kasika akaenda kwa Hadjara kujitetea. Alisema yeye hazuii. Mlango uko wazi. Mtoto mwenyewe ndiye hataki, na mtoto hafungwi kamba. Hadjara alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Ulipanda muhogo kwa mikono yako," alisema, "na leo unasema imejiotesha."

Kasika alikasirika. Aliondoka bila kuaga, na njia nzima alikuwa anamjibu Hadjara kichwani. Lakini alipofika kwake alikuwa hana jibu tena.

Kesho yake baada ya shule alimchukua Bénie shambani kuchimba viazi. Shamba lao lilikuwa juu, upande wa uwanja wa ndege. Walichimba bega kwa bega. Kasika alijaribu kuanza, akaacha, akajaribu tena. Ilikuwa rahisi kusema mbele ya hakimu. Hakimu ni mtu mwingine.

"Bénie. Siku ile ya mbuzi, hakuna mutu aliambia papa yako achague. Nilikudanganya."

Jembe la Bénie liliendelea. Kasika akafikiri labda mtoto hakusikia. Kisha jembe likasimama.

"Sasa juu ya nini hakuingia kunisalimia?"

Hilo Kasika hakuwa amemwambia hakimu. Hakuwa amemwambia Sophie wala padri. Mathe alipokuwa amekwisha kufunga mbuzi kamba, alimwendea mlangoni na kumwomba amuone mtoto kidogo tu.

"Aliomba," Kasika alisema. "Nikamuambia umelala."

"Sikulala."

"Najua."

"Nilikuwa nasimama pale ku mbao. Nilikuwa namuona. Aliangalia nyumba, halafu akaenda. Nilisema mu roho, ataniita. Hakuniita."

"Aliogopa kukuamusha," Kasika alisema.

Bénie akaweka jembe chini taratibu. Akashuka mlima peke yake. Kasika alimwacha aende. Alichimba viazi mpaka giza likaanza kuingia, huku analia, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kufanya.

Zilikuja siku ngumu katika nyumba ile. Bénie alifanya kazi zake zote, alikula, alikwenda shule, lakini hakumsemesha mama yake. Kasika alipita njiani akaingia kwa Sophie, akamweleza, akauliza afanye nini. Sophie alimwambia asimsukume mtoto, asijitetee, na asimlaumu mtu mwingine, hata babu, hata vita. Aivumilie hasira ya mtoto, kwa kuwa hasira ile sasa imekaa mahali pake. Kasika akarudi nyumbani na kuivumilia. Si kazi ndogo kukaa mezani na mtoto uliyemzaa, naye anakuangalia kama hakuoni.

Shule ilipokaribia kufungwa, Bénie alikuja jikoni, akasimama mlangoni.

"Likizo nitaenda Beni," alisema.

Waliuliza habari za barabara kwa Issaka kwa siku kadhaa, mpaka akasema sasa inapitika. Kasika alimfungia nguo, akaweka karoti ndani ya mfuko kwa ajili ya Mathe, akazitoa, akaziweka tena. Bénie alipanda gari pamoja na Hadjara, ambaye alikuwa anaenda kuona ndugu zake upande wa Mavivi, karibu na Beni. Gari likaondoka. Kasika hakuenda sokoni siku ile.

Alikaa likizo nzima na woga. Woga wa barabara, ndiyo, kila mzazi alikuwa nao miaka ile. Lakini ulikuwepo woga mwingine aliouonea aibu. Sasa mtoto alikuwa mikononi mwa Mathe, na Mathe alikuwa na mengi ya kusema. Alikuwa na haki ya kuyasema. Ingetosha afungue kinywa tu, naye Bénie asingetaka tena kurudi Rughenda. Kasika alijua kazi hiyo inavyofanywa. Yeye mwenyewe alikuwa ameifanya, na aliifanya kwa neno moja.

Siku ya kurudi ilipofika, alisimama barabarani tangu asubuhi. Gari la Issaka lilikuja mchana, limejaa vumbi. Bénie akashuka. Alikuwa amevaa kitenge kipya, na miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu la Beni. Alimsalimia mama yake kwa mkono. Wakapanda njia ya nyumbani pamoja.

Bénie alianza kuongea mwenyewe. Alieleza kwamba siku za kwanza hakumsemesha papa, na papa hakumlazimisha. Alimpikia tu, vibaya, wali umeungua chini. Siku moja alimpeleka uwanja wa ndege wa Mavivi kuangalia ndege zinavyoruka, na hapo wakaanza kuzungumza. Aliongea mpaka wakakaribia uzio. Kasika alikuwa anangoja jambo moja tu, na hakuweza tena kungoja.

"Na juu yangu, papa alisema nini?"

Bénie akasimama.

"Nilimuuliza kama ni kweli siku ile ulimuambia miye nimelala."

"Akasema nini?"

"Akasema yeye hapana kukumbuka. Akasema ni zamani, bakubwa bote balikuwa na mawazo, na weye ulikuwa umechoka. Akasema mama yako anakupenda, umusikilize."

Kasika akaweka mfuko chini. Alishika nguzo ya uzio.

"Lakini anakumbuka, mama," Bénie alisema. "Niliona macho yake."

"Ndiyo," Kasika alisema. "Anakumbuka yote. Papa yako ni mutu muzuri, Bénie. Unasikia? Ni mutu muzuri."

Bénie alikuwa hajapata kusikia mama yake akimsifu baba yake. Alikuja akamshika mama yake kiunoni, akaweka kichwa chake pale, wakakaa hivyo penye uzio, mpaka mzee akatoka kuuliza kwa nini watu hawaingii.